Lita Nane za Barabara ya Usinge

Mimi ni mwepesi wa hasira, na sisemi hivyo ili nionewe huruma. Nimewahi kupasua redio ukutani kwa sababu ya mpira. Nimewahi kumchapa mwanafunzi mpaka fimbo ikakatika, nikaagiza nyingine. Nafundisha hesabu sekondari hapa Tabora, na kwa miaka mingi niliamini kwamba anayejua hesabu hawezi kumwonea mtu, kwa kuwa namba hazina upendeleo. Imani hiyo ndiyo iliyokaribia kumuua mdogo wangu mchana kweupe, kwenye kituo cha mafuta pale tunapotokea mjini kuelekea Urambo.

Gari lilikuwa la mzee wetu. Ni saluni nyeupe ya zamani, ya gia za mkono, yenye umri mkubwa kuliko mwanafunzi wangu yeyote. Aliinunua kwa hela ya tumbaku enzi miguu yake ikimtii. Alipopooza upande mmoja akabaki kijijini Usinge, sisi wawili tuliileta mjini tukawa tunapokezana. Jumamosi moja naenda mimi kumpelekea dawa na mahitaji, inayofuata anakwenda mdogo wangu. Katikati ya juma gari linalala kwangu Gongoni chini ya turubai na hakuna anayeligusa. Mzee alitoa sharti moja tu: unalichukua likiwa ful tenki, ukirudi unajaza ful tenki tena, na risiti unampelekea yeye akurudishie.

Mimi safari ile niliigeuza mtihani. Kitabu cha gari kilidai linakwenda kilomita kumi na nane kwa lita, kipimo ambacho nadhani kilichukuliwa kwenye barabara ya peponi. Yetu ina lami mpaka Kaliua, halafu vumbi, makorongo na matuta yaliyowekwa na mtu mwenye kinyongo. Kwenda na kurudi ni kama kilomita mia tatu na hamsini. Nilikuwa napima upepo wa matairi alfajiri, nafunga vioo, nauacha mshale wa spidi kwenye themanini, sishindani na mabasi. Nikirudi najaza, nagawanya kilomita kwa lita, napata kumi na nne. Kila safari kumi na nne. Niliringa nayo ofisini mpaka walimu wenzangu wakanichoka. Gari halinywi, niliwaambia, linanusa tu.

Kisha nikaanza kuzisoma risiti za mdogo wangu, alizoniachia garini nimpelekee mzee. Mimi lita ishirini na tano, yeye thelathini na tatu. Gari lilelile, barabara ileile, mzigo uleule wa unga na sabuni. Yeye alikuwa anapata kumi na nusu kwa lita, na kila mtu anajua anaendesha polepole kuliko mimi, kwa mwendo wa kupeleka mayai. Nililala chini ya gari kutafuta mvujo. Nilifungua plagi, nikanusa mipira ya mafuta, nikakagua breki kama zinabana. Gari lilikuwa zima. Zilibaki lita nane zinazopotea kila baada ya juma moja, na mtu mmoja.

Mdogo wangu ana kiduka cha maharage Isevya. Hatua chache kutoka mlangoni kwake kuna bwana anayewauzia bodaboda petroli kwenye chupa za maji. Hilo lilinitosha. Niliona kila kitu kichwani: amepatana na watu wa pampu, wanamwandikia risiti nene, zile nane zinaingia kwenye dumu na kutoka kwenye chupa. Sikumuuliza. Nilikaa nalo majuma sita, na kila risiti yake ilipokuja nilikunja ngumi chini ya meza.

Jumamosi ile nilimsubiri. Saa kumi jioni aliingia kituoni na vumbi la Usinge mpaka kwenye kope. Nilijibanza nyuma ya kibanda cha oili, nisikoiona pampu, mpaka alipomaliza kujaza, kisha nikatoka na kumnyang'anya risiti mkononi. Thelathini na tatu. Nikamuuliza nane zimekwenda wapi.

"Kaka, ngoja nikueleze," alisema.

Sikungoja. Nilimpiga kofi lililompeleka kwenye ukingo wa zege wa pampu, na alipojaribu kuinuka nikampiga teke la mbavu. Nikasikia meno yakigonga zege. Alijikunja, akaninyooshea kiganja kuniomba nisimame, nami nikakikanyaga. Halafu nikasema neno ambalo mtu mwenye akili halisemi kwa sauti mahali penye watu. Nikamwita mwizi.

Mjini kwetu neno hilo ni wito. Bodaboda waliokuwa kwenye foleni waliacha pikipiki zao zikiunguruma. Mmoja alikuja na mnyororo, mwingine na jiwe la kuzuilia tairi, na nyuma yao watu wa sokoni ambao hawakujua hata kilichoibwa. Walimpiga kwa bidii ya watu waliolipwa. Mara moja nilimwona akijaribu kutambaa kuingia chini ya gari, wakamvuta miguu. Kisha sikumwona tena, niliona migongo tu inayoinama na kuinuka. Nitasema ukweli, maana ndio uliobaki: kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini hivi, nilifurahi. Nilisimama na risiti yangu mkononi nikiona dunia imekubaliana nami.

Kisha mtu akapaza sauti akiomba petroli. Dada wa pampu alizima mashine akalifunga bomba kwa kufuli, lakini tayari kulikuwa na chupa mikononi mwa mwingine. Niliiona ikimiminwa. Harufu ile, ambayo majuma yote nilikuwa nainusa chini ya gari nikitafuta mvujo, ilipanda kutoka kwenye shati la mdogo wangu. Kuna aliyekuwa anapapasa mifuko yake akitafuta kiberiti.

Nilijitupa juu ya mdogo wangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaita, na sasa nilikuwa nalia kwamba huyu ni mtoto wa mama yangu, hajaiba, nimekosea. Hawakunisikia. Mnyororo ulinipata mgongoni mara mbili, jiwe likanivunja ubavu mmoja, petroli ikaniingia machoni. Aliyetuokoa ni kijana mwenye kiberiti chenyewe. Aliinama kuniangalia usoni, akanitambua. Nilimfundisha, na nilimchapa sana. Alinitazama kwa kitambo nilichokiona kirefu, njiti ikiwa kati ya vidole vyake, halafu akairudisha ndani na kuwaambia wenzake huyu ni mwalimu, waache.

Mdogo wangu alivunjika mkono wa kulia sehemu mbili, akapoteza meno manne, na jicho moja lilifumba majuma mawili. Hospitalini aliwaambia wauguzi kwamba ameanguka na pikipiki. Mzee hakuambiwa kitu.

Jumamosi iliyofuata dawa za mzee zilikuwa zimekwisha, ikanibidi niendeshe na ubavu wangu uliofungwa bandeji. Niliporudi niliingia kituo kilekile kwa kuwa nilitaka kuonwa, sijui kwa nini. Dada wa pampu aliweka bomba bila kunisalimu. Lilipokata lenyewe, nikanyoosha mkono kuchukua risiti, kama kawaida yangu. Hakunipa.

"Mwalimu, wewe bomba likikata tu unaondokaga," alisema. "Mdogo wako anatikisaga gari kwanza."

Nikamwambia anionyeshe. Akaniambia nisukume mwenyewe. Nikaweka mikono kwenye buti nikalisukasuka gari, ubavu ukiniuma, na ndani ya tanki nikasikia petroli ikibwabwaja na kutema hewa. Akaweka bomba tena, akasubiri povu litulie, akaongeza. Tukatikisa, akaongeza. Lita nne ziliingia kwenye tanki nililokuwa naapa kuwa limejaa.

Mwanafunzi wa kidato cha pili angeimaliza hesabu hiyo kabla sijafunga mfuniko. Kila niliporudi nilikuwa naacha tanki likiwa pungufu kwa lita nne, kwa sababu sina subira ya kusimama dakika tano. Mdogo wangu alianza safari na pengo langu, na akirudi alilijaza lote. Mimi nilianza na tanki lake lililojaa kweli, nikala nne zake. Kwangu zilipungua nne, kwake zikaongezeka nne, risiti zikatofautiana kwa nane. Gari lile halijawahi kwenda kilomita kumi na nne kwa lita. Linakwenda kumi na mbili, kwangu na kwake.

Nilikwenda Isevya moja kwa moja, gari nikaliacha barabarani bila kulifunga. Alikuwa amekaa mezani, mkono kwenye plasta, anajaribu kuchambua maharage kwa mkono wa kushoto. Nikamweleza yote, bomba, povu, nne kwa nne, mpaka kumi na mbili. Alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Nilijua," alisema. Meno yaliyokosekana yalimfanya aseme taratibu. "Tangu safari ya pili. Nikilichukua kwako, mshale wa mafuta haufiki juu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Wewe huwa unaambiwaga kitu, kaka? Nikaona nijaze tu. Ningekwambia hujui kujaza mafuta, ungenipiga."

Damu ilinipanda kichwani. Nilitaka kumjibu kwamba anakosea, kwamba kwa jambo dogo namna ile nisingeinua mkono. Yeye alikuwa ameacha kuchambua, amesogeza kiti nyuma kidogo, anatazama meza upande wangu. Nikatazama na mimi. Mkono wangu ulikuwa pale katikati ya maharage, umekunja ngumi.