Muuaji Anatajwa Kwanza

Katika ukumbi wa video wa Kalala, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, muuaji hutajwa kabla filamu haijaanza. Mama Douce anasimama mbele ya pazia la kuonyeshea filamu, anapuliza mikro, kipaza sauti chetu, kama anapoza uji, halafu anasema: "Bandugu, karibuni. Leo Muzee Tajiri atakufa kwa sumu. Mwenye kumuua ni daktari wake. Sasa tukae, tuangalie namna batamukamata."

Ukiwa mgeni utadhani ni wazimu. Filamu za upelelezi, hasa zile zilizotolewa katika riwaya za zamani za Wazungu, zimetengenezwa ili mtu akae akijiuliza ni nani mpaka dakika ya mwisho. Lakini waliozitengeneza hawakuwa na umeme wetu. Zamani, nilipokuwa mdogo, Mama Douce alikuwa anamficha muuaji kama inavyotakiwa. Siku moja mpelelezi aliwakusanya watu wote sebuleni, akainua kidole, akafungua kinywa, na umeme ukakatika. Watu walikaa gizani wakingoja. Umeme haukurudi. Humo ndani yakazaliwa makundi mawili, la waliosema ni mpishi na la waliosema ni mtoto wa kambo, na mpaka leo kuna majirani ambao hawaombani chumvi kwa sababu hiyo. Ndipo Kalala, mwenye ukumbi, akatoa sheria: muuaji atajwe kwanza, ili hata umeme ukikatika kila mtu arudi kwake na muuaji wake.

Jina kamili la Mama Douce ni Fidès Ntirampeba, ila sisi tunamwita kwa jina la binti yake. Asubuhi anakaanga mandazi karibu na shule yetu, mchana anatafsiri filamu. Kazi hii alijifunza bila kujua kwamba anajifunza. Bujumbura alikuwa anafua na kupiga pasi kwa masista, na masista wale, Mungu awabariki, walipenda sana mauaji. Kila Jumapili baada ya misa walifunga madirisha, wakatoa biskuti, wakaangalia watu wakinyongwa kwa Kifaransa. Yeye alikuwa nyuma yao na pasi. "Nilijua sumu zote mbele sijamaliza kujua rozari," huwa anatuambia.

Na kwa kweli bila yeye hatungezielewa filamu hizi. Jambo linalowashinda watu wetu kwanza kabisa ni chai. Maiti iko juu kitandani, haijapoa vizuri, na chini watoto wa marehemu wanakunywa chai na kuulizana kama mvua itanyesha. Hakuna kilio, hakuna turubai, hakuna jirani anayeingia na unga kichwani. Katika nyumba yenye vyumba vingi kuliko shule yetu, hakuna hata mtu mmoja aliyekaa chini mkekani. Mama Douce hawezi kuvumilia aibu hiyo. Binti mkubwa wa Muzee Tajiri anapofungua mdomo tu, Mama Douce anamlilia: "Baba weee, umetuachia nani." Kwenye pazia mwanamke anakoroga chai, huku sauti yake inagaagaa sakafuni. Mama zetu wanatoa leso.

Jambo la pili ni mpelelezi mwenyewe. Nadhani kwao Ulaya watu wanampenda kwa sababu ana akili. Hapa tumeshakutana naye. Kila mtu mzima katika ukumbi ule amewahi kukaa mbele ya meza ya maafisa wa wakimbizi akaulizwa na mtu mpole mwenye kalamu: ulitoka saa ngapi, ulikuwa na nani, mlango ulikuwa wazi au umefungwa. Mwaka unaofuata anaulizwa tena, ionekane kama atabadilisha. Kwa hiyo ukumbi mzima huwa upande wa washukiwa. Yaya akiitwa kuhojiwa, watu wanampa mashauri. "Usibadilishe saa, mama. Sema vile ulisema mara ya kwanza. Usiongeze." Naye huwa anaongeza, maana ndivyo alivyoandikwa, na mabenchi yote yanaguna kana kwamba ni faili la mkimbizi: "Basi. Ameharibu dosie yake."

Mtu pekee asiyefurahia mambo haya ni Cadeau. Cadeau ni kijana aliyemaliza kozi ya Kiingereza ya kwenye mtandao, na cheti chake amekitia plastiki. Anakaa benchi la nyuma, anasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya filamu za Kifaransa, na kusahihisha.

"Mama Douce, ule binti hakulia. Alisema tu: naomba sukari."

"Baba yake amekufa."

"Lakini alisema sukari."

"We Cadeau, siku baba yako atakufa, utaomba sukari?"

Watu walicheka mpaka Kalala akapunguza sauti ya spika. Cadeau hakucheka. "Mutafsiri anasema yenye iko ndani ya filme," akasema. "Njo sheria."

"Basi kuja utafsiri vile banakunywa chai. Tukusikie."

Mambo yangeendelea hivyo kama asingetokea Madame Annie. Huyu ni Mmalawi, ana kikundi cha kuonyesha filamu Lilongwe, na alikuwa amesikia habari zetu. Alimtaka mtafsiri wa Kiswahili kwa Jumamosi moja, kwa ajili ya mafundi cherehani na wafanyabiashara wa kwetu walioko mjini. Watu wakipenda, itakuwa kila mwezi, na ruhusa ya kutoka kambini ataishughulikia yeye.

Kalala alitangaza uamuzi wake mbele yetu sote. "Mama Douce ataenda. Cadeau ataenda nyuma yake. Mama Douce akiharibu, mikro ni ya Cadeau, kule na hapa. Mi siwezi kupata haya Lilongwe, nikuje niipate tena nyumbani."

Mama Douce kesho yake alikanda unga wa mandazi mpaka ukawa mgumu kama mpira, na wanafunzi wote walilalamika. Mimi nilibaki kumsaidia kuosha bakuli.

"Gentille," akaniambia, "bila mikro mi niko mama wa mandazi. Mandazi, bantu banakula banaenda. Hakuna mwenye alinisikiliza mbele sijapata mikro. Hata baba yake Douce."

Filamu ya Jumamosi hiyo ya Lilongwe ilikuwa habari ya Muzee Tajiri, lakini imetengenezwa upya, na waigizaji wapya na rangi nzuri. Mama Douce alikuwa ameitafsiri ile ya zamani mara nyingi hata watoto wanaicheza njiani. Mimi nilikuwa nimesoma riwaya yenyewe, ya Kiingereza, kutoka maktaba ya shule, na ndiyo sababu nikaruhusiwa kwenda nao.

"Kitabu ni kilekile?" akaniuliza tukiwa tunangojea gari.

"Ni kilekile, Mama. Daktari."

Cadeau alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Hakusahihisha kitu. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini nilikuwa natazama ndege inayoshuka uwanjani, upande wa Lumbadzi.

Lilongwe, viti vilikuwa na migongo na pazia lilikuwa pana kuliko nyumba yetu. Ukumbi ulijaa. Mama Douce alivaa kitenge chake cha Pasaka, akapuliza mikro, akasema maneno yake yote: karibuni, sumu, daktari, tukae.

Hakuna aliyekaa vizuri. Fundi cherehani mmoja wa Uvira aliyekuwa mbele, wanamwita Papa Adolphe, aliinua mkono kama yuko shule.

"Mama, sasa sisi tumekuja kufanya nini?"

"Kuangalia, papa."

"Kuangalia nini, na we umeshamaliza?"

"Umeme ukikatika utanishukuru."

"Hapa kuko jenereta, mama."

Kicheko kilitoka nyuma kikaja mpaka mbele. Kalala, aliyekuja nasi, alijifuta uso kwa kofia. Mama Douce alimwomba Madame Annie azime taa, akaanza kazi.

Na alianza vizuri. Muzee Tajiri alipokufa alimlilia kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na binti mkubwa alipokuja na bakuli lake la sukari akamlilia huyo kuliko wote, hata Papa Adolphe akavua miwani. Daktari alipoingia na mkoba wake, ukumbi mzima ulimzomea. "Muangalie. Na bado anapima homa ya bengine." Nikaona watu wamesamehe. Nikaona mikro iko salama.

Katikati ya filamu yule daktari alikaa karibu na moto, akapewa kikombe, akanywa. Akashika shingo. Akaanguka na kiti chake, na wala hakuamka tena.

Watu wote waliruka. Halafu Papa Adolphe akasema kwa upole kabisa: "Mama, muuaji wako amekufa."

"Anajifanya," mtu akajaribu kusaidia.

Kwenye pazia walikuwa wanamfunika shuka.

Mama Douce aliacha kutafsiri. Waigizaji walifungua midomo na hakuna sauti iliyotoka. Cadeau alikuwa tayari kando yake, amenyoosha mkono. "Lete, Mama," akanong'ona kama mchungaji. Kalala kutoka kwenye kiti chake akaitika kwa kichwa: mpe.

Mama Douce aliutazama ule mkono. Halafu akageukia watu.

"Bandugu, nimekosea. Kitabu kinasema daktari, filme ya zamani inasema daktari. Hii ya sasa bameigeuza. Kuanzia hapa hata mi sijui. Tutafute pamoja."

Nilidhani watamtupia chupa. Papa Adolphe akasogeza kiti chake mbele. "Sasa njo umesema," akasema. "Endelea."

Sijawahi kumsikia Mama Douce akitafsiri vile. Mpelelezi alipouliza swali, Mama Douce aliliuliza kwa sababu na yeye alitaka jibu. Yaya alipojibu, aligeuka kutuuliza: "Munamuamini?" Watu wakagawanyika. Wengine wakamtetea yaya, wakamwambia asibadilishe saa. Hakuna aliyeliliwa tena hata mmoja, maana Mama Douce aliogopa kumlilia mtu halafu awe ndiye. Mpelelezi alipowakusanya wote sebuleni na kuinua kidole, Mama Douce alishusha mikro, akakodoa macho, akasahau kama yuko kazini, mpaka ukumbi ukamkumbusha: "Tafsiri, mama."

Ilikuwa ni binti mkubwa. Sumu ilikuwa kwenye sukari.

"Na vile ulimulilia," Papa Adolphe akasema.

"Machozi yangu ya bure," Mama Douce akajibu kwenye mikro, na hapo ndipo walipopiga makofi.

Baadaye Madame Annie alitupa chai na biskuti, na sisi tukakaa duara. Alisema ataomba Mama Douce aje kila mwezi, ila muuaji asitajwe tena. "Lakini nashangaa," akaongeza kwa Kiingereza, nami nikatafsiri. "Filamu niliituma Alhamisi, ili muiangalie kabla. Nilimtumia Cadeau."

Mama Douce akaweka kikombe chini.

"Cadeau, mwanangu. Filme ilifika?"

"Ilifika, Mama. Lakini simu yangu haina nafasi. Sikuifungua."

"Haya." Alichukua biskuti, akaila yote, akamsifu Madame Annie kwa biskuti. Halafu: "Cadeau, ulipoifungua, rangi ilikuwa nzuri hivi?"

"Nilifungua mwanzo tu. Kidogo."

Papa Adolphe, ambaye alikuwa amejiunga na chai bila kualikwa, akaguna kwa uchungu. "Amebadilisha. Ameharibu dosie yake."

"Daktari alipoanguka," Mama Douce akaendelea, "bantu bote baliruka. We uliruka?"

"Niliruka."

Hapo nikashindwa kunyamaza. "Hukuruka. Ulikuwa umeshasimama. Uliinuka daktari akiwa bado anapewa kikombe."

Cadeau alikoroga chai yake kama binti wa marehemu. "Niliangalia yote," akasema. "Mara mbili. Kwenye daktari, mara tatu."

Kalala alitaka kumwacha pale pale Lilongwe arudi kwa miguu. Mama Douce akakataa.

"Patron, hapana. Huyu mtoto amejua mwisho tangu Alhamisi na hakuna mwenye alimusikia. Mi kuficha siku mbili, sijawahi kuweza. Kuanzia sasa filme zote ataangalia wa kwanza, peke yake, mbele mi sijaziona, na atanyamaza. Umeme ukikatika, njo atasimama atuambie nani. Mikro ni yangu."

"Lakini ulikosea, Mama," Cadeau akasema, maana hata katika hali ile hakuacha kusahihisha.

"Nilikosea, na bakapiga makofi. We ulikuwa sawa, na angalia penye umekaa."

Jumapili iliyofuata, Dzaleka, muuaji hakutajwa. Kwanza watu walilalamika. Halafu wakagundua kwamba mtu mmoja ndani ya ukumbi anajua, na amekaa mbele na cheti chake mfukoni. Mpishi alipoingia na sahani, Cadeau alikohoa, na benchi la kwanza lote likamhukumu mpishi. Mwanasheria alipoingia, Cadeau akajikuna goti, na upande wa kushoto ukahamia kwa mwanasheria. Filamu ilipofika katikati hakukuwa na aliyeangalia pazia. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama Cadeau, na kijana wa watu jasho linamtoka, hajui hata apumue vipi.

Mama Douce alisimamisha filamu.

"Cadeau," akasema kwenye mikro. "Geukia ukuta."