Tulivyomsingizia Ng'ombe

Chunjua nilizijua kwanza kwa ng'ombe. Zilimtokea kwenye chuchu baada ya mvua ndefu, vinundu vya kijivu, vikavu, vyenye ncha, na kila nikimkamua aliinua mguu wa nyuma kunionya. Alikuwa ng'ombe mmoja tu, wa maziwa, tuliyemfungia bandani nyuma ya nyumba yetu Kitengela, upande ambao vumbi la machimbo ya mawe hutua juu ya nguo kabla hazijakauka. Nilikuwa nimempa jina, lakini sitaliandika hapa. Amesemwa vya kutosha. Maziwa yake ndiyo yaliyonipa heshima mtaani. Majirani waliniita mama maziwa, na asubuhi walipanga foleni langoni na chupa zao, wale waliotoka mkoa wa Central kama mimi, na yule mama Msomali wa duka la nguo ambaye hakukubali maziwa ya mtu mwingine.

Nilienda kwenye duka la dawa za mifugo, nikaeleza, nikapewa chupa ndogo ya dawa ya kahawia ya kumpaka. Muuzaji aliniambia niende nayo polepole kwa sababu ni kali. Nilimpaka ng'ombe mara chache, kisha nikamwonea huruma nikaacha.

Sasa nieleze jambo la mafuta, maana bila hilo hakuna atakayeelewa ujinga wetu. Nyumbani kwetu, na nadhani katika nusu ya nyumba za hapa, mafuta ya kukamulia hayana mwenyewe. Hununuliwa kwa ajili ya ng'ombe, lakini kopo halifiki bandani kabla watoto hawajajipaka miguu na baba yao visigino. Ni mafuta mazito, hayakauki upesi, na baridi ya Julai huku uwandani hupasua ngozi bila kuuliza. Nilikuwa nachovya kidole, nampaka ng'ombe, nakamua, kisha narudisha kopo kwenye dirisha la bafu. Nikimaliza kuoga nachovya tena, najipaka mwenyewe. Mama yangu alifanya vivyo hivyo, na wala hakuna aliyekufa.

Za kwangu nilizigusa nikioga. Kwanza kimoja, kidogo, nikadhani ni kipele cha joto. Baada ya majuma machache vilikuwa vimeitana, vimekaa pamoja sehemu za siri, laini kidogo kuliko vya ng'ombe lakini vyenye uso uleule wa kukwaruza. Havikuuma. Ningependa kama vingeuma. Kitu kinachouma mtu hukitaja, hukipeleka mahali. Hiki kilikaa kimya tu, nami nikakaa kimya, nikioga haraka haraka kana kwamba sabuni itakikasirisha.

Mwishowe nilimwambia mume wangu. Yeye ni mtu wa maneno machache. Hununua mawe machimboni na kuwapelekea wajenzi, na kabla hatujaoana alikuwa Namanga, akishughulikia karatasi za malori mpakani. Ilikuwa Jumapili, watoto wako kanisani, na sisi tumebaki kwa kisingizio cha mafua. Nilifunga mlango wa chumba.

"Hebu ona hii kitu," nilimwambia. "Ni nini?"

Aliinama akamulika kwa simu. Hakushtuka, hakurudi nyuma, hakukunja uso. Wakati ule niliona ni upendo.

"Si hizi ndio ziko kwa ng'ombe?" akasema.

"Za ng'ombe zinashika watu?"

"Wewe unakamua na mkono, alafu unajipaka hayo mafuta. Sasa unataka zitoke wapi, mama watoto?"

Nilifurahi. Sitafuti neno lingine, nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Kabla yake nilikuwa na mwanamume mwingine, jambo analolijua, na tangu siku ile ya kipele cha kwanza nilikuwa nimelala na hofu mbili. Moja ilisema nimeletewa ugonjwa na mume wangu. Nyingine, mbaya zaidi, ilisema mimi ndiye niliyeuleta nyumbani, nikakaa nao miaka yote hiyo bila kujua, na kwamba akijua atanirudisha kwetu na mabinti wawili na aibu isiyobebeka. Kumbe ni ng'ombe! Tulikaa pale kitandani kama watu waliofutiwa kesi. Akanishika mkono, na tangu mtoto wa pili azaliwe hakuwa amenishika mkono mchana.

Ng'ombe akawa hana wa kumtetea.

"Hiyo ng'ombe itoke," mume wangu alisema siku ya pili, akinywa chai ya maziwa ya ng'ombe huyohuyo. "Wateja wakijua, umekwisha. Na watoto wanajipaka hayo mafuta."

Nilipinga kidogo, kwa sauti ya mtu anayetaka kushindwa. Alimleta mfanyabiashara wa mifugo, Mmaasai wa makamo mwenye koti juu ya shuka. Tulisalimiana kwa Kimaasai, sopa, epa, akachuchumaa kando ya ng'ombe, akampapasa chuchu kwa kidole gumba kama mtu anayechagua nyanya.

"Mama, hii ni kitu kidogo," akasema. "Ukingoja inaanguka yenyewe. Kwa nini unauza ng'ombe ya maziwa?"

Nilimtazama mume wangu.

"Imetuletea shida kwa nyumba," akajibu.

"Mimi sina mtu wa kukamua. Nikichukua, naenda nayo kichinjio."

"Enda nayo."

Saa ya kukamua ilikuwa imekaribia. Walipomfungua kamba, ng'ombe hakuvutana nao. Alisimama langoni akageuza shingo, ananitafuta, anadhani nimechelewa tu na kopo langu. Nilijifanya naosha ndoo.

Nikabaki na chupa ya dawa ya kahawia. Mtu akinicheka namruhusu, lakini mawazo yangu yalikuwa na mpango wake. Ikiwa ugonjwa ni wa ng'ombe, basi dawa yake ni ya ng'ombe. Nilijifungia bafuni nikapaka kwa kijiti chenye pamba. Kwa muda mfupi hakukuwa na kitu. Kisha moto. Nilimwaga maji yote ya beseni, nikamwaga na yale tuliyonunua kwa ajili ya kupikia, nikauma taulo ili watoto wasisikie. Kesho yake sikuweza kukaa wala kutembea sawasawa. Niliwaambia majirani nimeteleza bandani, na wakanipa pole, wakaongeza pole ya ng'ombe.

Kitengela kuna zahanati kila kona, lakini kila kona kuna mtu aliyenunua maziwa kwangu. Nilienda Kajiado mjini, kwenye hospitali ambako sikumjua hata mlinzi. Nilimpata sista mmoja, muuguzi mnene wa umri wa shangazi yangu mdogo, aliyevaa sweta juu ya sare. Nilikaa ukingoni mwa kiti, nikazunguka mbuyu kwa maneno ya muwasho na joto, hadi akachoka.

"Mficha uchi hazai, mama. Panda kitandani."

Nilipanda. Alivuta taa. Akainama karibu.

"Umepaka nini hapa?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya ng'ombe."

Hakucheka. Namshukuru mpaka leo kwa kutocheka. Alinisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, akanipa mafuta ya kutuliza, akaniambia kwanza ngozi ipone, kisha nirudi kwake azitibu zile chunjua kwa dawa ya watu. Nilimweleza habari ya chuchu, na kopo, na dirisha la bafu, yote, kwa haraka, kama shahidi anayeogopa kukatizwa. Alinisikiliza akivua glavu.

"Ya ng'ombe ni ya ng'ombe, mama. Ya watu ni ya watu. Hizi haziwezi toka kwa ng'ombe."

"Hata kwa mafuta?"

"Hata ukilala nayo zizini. Hii ni kirusi ya watu, na inapita kwa ngozi, watu wakilala pamoja. Ni ya kawaida sana. Hapa naona kila wiki, mpaka wake wa wachungaji."

Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa limenileta mbali hivyo, kuliko hata kidonda. Nilimuuliza nani amemletea mwenzake.

Akaketi. Alisema hakuna kipimo cha kujibu hilo. Alisema kirusi hiki kinaweza kulala mwilini miezi, hata miaka, bila dalili, kwa mwanamke au kwa mwanamume, halafu siku moja kikaamka. Dawa huondoa chunjua zinazoonekana, na kirusi chenyewe kinaweza kubaki, ndiyo maana wengine zinawarudia kabla mwili haujakishinda. Aina ya kirusi inayoleta chunjua kwa kawaida si ile inayoleta saratani, lakini alinipima mlango wa kizazi vilevile, akanipima na ukimwi, nikatoka salama. Akaniuliza kama nina binti. Nikasema wawili, mkubwa ana miaka kumi. Akasema huyo apate chanjo, na mdogo akifika umri huo naye apate. "Na mwambie mzee wako akuje tumuone," akamalizia. "Usiende kupigana. Enda umwambie."

Nilirudi nyumbani nikiwa na maneno hayo mdomoni kama maji niliyokatazwa kumeza. Sikuwa na hasira bado. Nilikuwa na woga. Ng'ombe alipokuwa na hatia, nyumba yetu ilikuwa imesimama. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kuondoa nguzo, na sikujua paa lingemwangukia nani.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akivunja banda, anachomoa misumari kwenye mabati. Alikuwa na nia ya kufuga kuku. Nilisimama mahali ambapo ng'ombe alikuwa akisimama, kwa sababu kukaa bado kuliniuma.

"Baba watoto, sista amesema hazitoki kwa ng'ombe."

Aliendelea kuchomoa msumari. Ulikuwa umepata kutu, ukalia.

"Amesema ni ya watu. Na amesema hakuna mtu anaweza jua nani alileta. Inaweza kaa miaka." Nilisikia sauti yangu ikimtetea, ikinitetea, ikitupa sote wawili mlango wa kutokea. Ningeweza kuishi na hilo. Nilikuwa nimekubaliana na nafsi yangu njiani kwamba nisingeuliza zaidi.

Akaweka nyundo chini.

"Mimi nilikuwa nazo," akasema. "Kitambo, nikiwa Namanga. Kabla yako. Zikachomwa, zikaisha, nikajua zimeisha."

Sikumwamini wala sikumkatalia. Miaka kumi na moja ya ndoa ni mingi hata kwa kirusi kivivu, lakini sista alikuwa amesema kinaweza kulala, na mimi pia kabla yake nilikuwa na historia yangu. Hayo nilijua hayatakuwa na mwisho. Lakini kulikuwa na jambo lingine, dogo, ambalo sikuweza kuliacha.

"Ile Jumapili nilikuonyesha. Ulizijua?"

Alitazama mabati.

"Nilizijua."

"Na ng'ombe?"

"Ningesema nini?" akasema. "Ungeniacha."

Hapo ndipo nilipokasirika, na sikukasirika kwa ajili yangu. Namanga ningeisamehe. Ugonjwa ningeusamehe, maana hata yeye alipewa na mtu, na huyo mtu alipewa na mwingine. Lakini alikuwa amesimama pale langoni, anajua, na ng'ombe amegeuza shingo kunitafuta, na yeye akasema enda nayo. Nililia kwa sauti, mchana kweupe, na majirani waliosikia walijua nalilia ng'ombe. Walikuwa sahihi.

Sikumwacha. Nilirudi Kajiado, nikapakwa dawa, nikaelekezwa saa ya kuiosha. Zilirudi mara moja, zikatibiwa tena, zikaisha. Yeye naye alikwenda, siku nyingine, peke yake. Binti mkubwa alichanjwa, akalalamikia bega, akaniuliza chanjo ni ya nini. Nilimwambia ni ya kumzuia asije akapata shida ambayo hatajua pa kuisemea. Tunalala kitanda kimoja na tunaongea habari za karo na mawe. Kopo la mafuta ya kukamulia bado liko kwenye dirisha la bafu. Liliisha, tukanunua jingine, ingawa hatuna wa kumkamua. Asubuhi mume wangu hutoka mapema kununua maziwa ya pakiti, huyaweka mezani bila neno, nami huyachemsha.

Bado wapo wanaosimama langoni kuuliza. Juzi alikuja yule mama wa duka la nguo, akasema tangu ng'ombe wangu aondoke hajanywa chai ya maana, na kwani alikuwa na nini? Kabla sijafungua mdomo mume wangu akajibu kutoka ndani.

"Ilikuwa na ugonjwa ya ngozi. Ingeambukiza watu."

Yule mama akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema wanyama ni mtihani. Nami nikanyamaza, kwa sababu ukweli ungenivua nguo mbele ya mtaa mzima. Lakini kati yetu sisi watatu wenye chunjua katika boma lile, ni ng'ombe peke yake ambaye hakuzificha.