Pete ya Akiki ya Mzee wa Hulugho

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka kumi na mmoja sasa nimefanya kazi Garissa, katika chumba cha dharura cha hospitali moja hapa mjini. Kwetu ni Taita. Nilipofika, jambo la kwanza lililonibidi kulizoea lilikuwa joto. La pili lilikuwa mikono ya wanaume. Muuguzi hushika mikono ya watu kutwa nzima, akitafuta mshipa, akipima mapigo ya moyo, na mikono ya wanaume wa huku ilikuwa na mapambo ambayo sikuwa nimeyaona kwa baba zangu.

Si mapambo mengi. Dhahabu hawavai, kwa kuwa dini imewakataza wanaume, kwa hivyo karibu kila nilichokiona kilikuwa cha fedha. Mchuuzi wa mbuzi huja na pete moja nene kwenye kidole kidogo, na anapotawadha huizungusha ili maji yapite chini yake. Karani wa ofisini huvaa saa mkono wa kulia, mkanda umelegea kidogo, ili iteleze hadi kwenye kiganja anapotia sahihi. Ustadhi mmoja aliletwa kwetu akiwa na malaria, homa inamtetemesha kitandani, lakini hakukubali nimvue pete. Aliivua mwenyewe, akaifunga kwenye leso, akaitia leso mfukoni na kuupapasa mfuko mara mbili. Ndipo akanipa mkono nimdunge sindano.

Niliupenda uangalifu huo, ingawa sikuuelewa. Aliyenifanya niuelewe ni mzee mmoja mfugaji wa ngamia kutoka upande wa Hulugho.

Aliletwa asubuhi na mwanawe, kijana wa miaka ishirini na kitu, baada ya safari ndefu ndani ya lori la mifugo. Siku mbili kabla ya hapo, dume la ngamia lilikuwa limemng'ata mkono wa kulia. Alikuwa mrefu, mkonde, ndevu zake zimepakwa hina, na pamoja na maumivu yote aliingia akitembea wima, mkono ameuinua mbele yake kama mtu aliyebeba chombo kilichojaa maji. Nyuma ya kiganja kulikuwa na mashimo ya meno. Vidole vyote vilikuwa vimevimba, lakini kidole kidogo ndicho kilichonishtua. Kilikuwa kimegeuka rangi ya zambarau, na katikati yake, nyama ikiwa imefura pande zote mbili, kulikuwa na pete.

Ilikuwa pete pana ya fedha, yenye jiwe la akiki, jekundu lililokolea kama chai ya rangi. Hata katika hali ile niliona kwamba ni nzuri.

"Adeer," nilimwambia, kwa neno la Kisomali la kumheshimu baba mdogo, "pete hii lazima itoke. Inazuia damu."

"Itoke," akasema. "Lakini isiharibike, adeer."

Huku ndivyo ilivyo. Ukimwita mzee adeer, naye hukurudishia neno lilo hilo, hata kama ana umri wa babu yako.

Nilijaribu njia tulizofundishwa. Nilimpaka mafuta, nikauinua mkono, nikauwekea barafu. Nikapitisha uzi chini ya pete na kuuzungusha kwenye kidole, duara baada ya duara, ili niubane uvimbe na kuisogeza pete juu ya uzi. Haikusogea hata kidogo. Mzee alikuwa ameuma ncha ya shuka aliyojitanda begani, macho ameyaelekeza dirishani.

Daktari wa zamu, mwanamke kijana aliyekuwa na miezi michache tu Garissa, alikuja akakibonyeza kidole. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tusipoifungua pete upesi, kidole kitakufa. Tukaleta kikata pete cha hospitali, kifaa kidogo chenye gurudumu la kuzungusha kwa mkono. Gurudumu lilikuwa limeisha makali. Lilikwaruza fedha, likateleza, likakwaruza tena. Daktari akamtuma mtu karakana, naye akarudi na mkasi mkubwa wa kukatia nondo.

Mzee aliugeukia mkasi ule, akautazama kutoka mpini hadi kwenye meno yake.

"Hiyo ni ya kukata seng'enge," akasema.

"Mzee, sina kingine," daktari akamjibu. "Nataka kukiokoa kidole chako."

"Kidole nataka. Bete bia nataka. Mtu ametengeneza hii bete yuko hapa sokoni. Aitwe. Yeye anajua njia yake." Ulimi wake wa Kisomali mara nyingine uligeuza p kuwa b, na v kuwa f.

Mwanawe aliona haya. Alikuwa amevaa mkufu mzito wa chuma kinachong'aa na saa kubwa kama kifuniko cha chupa ya dawa, na alianza kumbembeleza baba yake kwa Kisomali. Sikuelewa yote, lakini nilielewa kwamba anamwambia ni pete tu. Mzee alimtazama daktari, na daktari akaitazama saa yake.

"Nusu saa," daktari akasema. "Asipofika, nakata."

Kijana alitoka mbio akapanda bodaboda. Daktari akamdunga mzee sindano ya ganzi chini ya kidole, kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nilibaki nimeushika mkono juu, barafu ikiyeyuka na kunitiririkia hadi kwenye kiwiko. Maumivu yalipopungua, mzee akaanza kuzungumza.

Kwa kuwa alikuwa ameipigania hivyo, nilidhani pete ile ni ya urithi. Nikamuuliza kama ilikuwa ya baba yake.

"Hapana. Baba yangu hakufaa bete. Alikuwa mtu ya kazi tu."

"Basi ni zawadi?"

"Nani atanipa?" Akacheka kidogo. "Jiwe ilitoka Mandera, mtu alileta kutoka ng'ambo. Niliona, nikapenda. Nikazunguka nayo mfukoni mwaka moja, natafuta fundi. Huyu wa hapa alitengeneza mara ya kwanza, nikakataa. Jiwe ilikuwa imekaa juu, kama kichwa ya kobe. Mara ya pili nikakataa. Mara ya tatu, akapata."

"Kwa hivyo unaipenda tu?"

Alinitazama kana kwamba swali langu lilikuwa la mtoto. "Adeer, mimi nakaa na ngamia na fumbi. Kila kitu nashika ni kamba, ni fimbo, ni kibuyu ya maziwa. Hii moja ni zuri. Nikikamua ngamia, naiona. Nikisema bismillahi nikiosha mkono, naiona. Hiyo inatosha, si ndiyo?"

Nilikuwa nimesubiri kisa cha kifo au cha mapenzi, na badala yake nilikuwa nimemshikia mkono mtu aliyependa kitu kizuri, akakichagua kwa uvumilivu, akakitunza, bila kuhitaji sababu nyingine. Kwetu nimewaona wanaume wakipenda vitu, redio au koti au baiskeli, lakini sijamsikia mmoja wao akilisema neno lenyewe, napenda, bila kwanza kutafuta kisingizio.

Sonara alifika zikiwa zimebaki dakika chache. Alikuwa mtu mfupi wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi kisogoni, na mkononi alikuwa na kikopo cha bati chenye zana zake. Yeye hakuvaa pete hata moja. Alitoa salamu, akainama juu ya kidole, na nadhani kitu cha kwanza alichokiona si uvimbe.

"Nani ameikwaruza hivi?" akauliza.

Daktari, aliyekuwa amerudi, akasema, "Ni mimi. Kata, tafadhali."

Sonara alinawa mikono kama nilivyomwelekeza, nikamvalisha glavu, nikazisafisha zana zake kwa spiriti. Akatoa kipande cha bati jembamba sana, akakipenyeza chini ya pete polepole, upande wa kiganjani, kiikinge ngozi. Ilimchukua muda mrefu, jasho likamtoka puani. Kisha akatoa msumeno ambao ubapa wake ulikuwa mwembamba kama unywele.

"Nakata nyuma," akamwambia mzee kwa Kiswahili, nadhani ili sisi sote tusikie. "Jiwe siligusi."

"Pale kwenye kiungo ya zamani?" mzee akauliza.

"Palepale. Nilipounga mwanzo."

Mlio wa msumeno ulikuwa mdogo, kama wa mdudu anayetafuna mbao. Unga wa fedha ulidondoka kwenye shashi niliyoitandika. Sijui ilichukua dakika ngapi. Ghafla akasimamisha mkono, akachukua koleo mbili ndogo, akaishika pete huku na huku, akaifungua kama mtu anayefungua ganda la njugu. Ikatoka.

Daktari alikibonyeza kidole, akasubiri, akakibonyeza tena. Rangi ya zambarau ilianza kuachia wekundu kutokea chini. "Damu inaingia," akasema, na sauti yake ilikuwa tofauti na ile ya mwanzo.

"Jiwe?" mzee akauliza.

"Salama," akajibu sonara.

"Alhamdulillahi." Hapo ndipo alipolegea, akaegemea ukuta, akafumba macho. Mwanawe aliinama akambusu kwenye kofia.

Mzee alilazwa zaidi ya wiki mbili. Vidonda vya ngamia ni vichafu, na daktari alilazimika kuvisafisha mara mbili katika chumba cha upasuaji. Kila nilipopata nafasi nilipanda wodini kumjulia hali. Nilimkuta mara moja akijiandaa kwa swala, akimimina maji kwa mkono mzima, na dole gumba lake likaenda lenyewe kwenye msingi wa kidole kilichofungwa bandeji, likizungusha kitu kisichokuwepo. Aliponiona nimemwona, akatabasamu.

"Mkono iko uchi," akasema.

Nilimuuliza lile dume lililomng'ata litafanywaje. Akashangaa. Litafanywaje vipi? Lilikuwa katika msimu wake wa kupanda majike, na yeye ndiye aliyelisogelea vibaya. Tena lilikuwa na shingo ambayo hajaiona kwa dume jingine. Akanieleza shingo hiyo kwa mkono wa kushoto, hewani, taratibu, na kwa mara ya pili nikaona kwamba mtu huyu alikuwa na jicho la kuutambua uzuri.

Wiki hiyo nilipita kwa sonara. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya maduka ya nguo, meza moja, kiti kimoja, taa ya kuvutwa karibu na kazi. Pete ilikuwa mbele yake, imefunguka. Nilimuuliza kama wateja wake wote ni kama mzee yule.

"Wanawake huja wakijua wanachotaka," alisema. "Wanaume huja wakisema, tengeneza chochote. Kisha hukaa hapo ulipokaa, mchana mzima, wakibishana nami juu ya ukingo." Akaniambia juu ya dereva wa lori anayevaa pete isiyo na jiwe, lakini yenye mistari kwa ndani, ambayo hakuna anayeiona ila kidole chake. Na juu ya mzee wa Lafey ambaye humletea pete yake kila anapokuja mjini, si kwa kuwa imeharibika, bali ioshwe na fundi mwenyewe. Vijana humtaka awachongee vichwa vya simba. Huwaambia waende kwingine.

"Na huyu wa Hulugho?"

"Huyo ananichosha." Alisema hivyo huku akiigeuza pete kwenye mwanga, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemsifu rafiki.

Baada ya miezi mitatu mzee alirudi kliniki kukaguliwa mkono. Kidole kilikuwa kimepona, ingawa hakikukunjika tena hadi mwisho. Pete ilikuwa imerudi mahali pake, imepanuliwa kidogo. Alimnyooshea daktari mkono kabla hata ya kusalimiana vizuri.

"Tafuta mahali ilikatwa," akasema.

Daktari akaiinamia. Akamvuta hadi dirishani, akaizungusha pete, akaisogeza karibu na jicho. Nami nikajaribu. Hapakuwa na mstari, wala hata ile mikwaruzo yetu. Mzee alisimama katikati yetu akitazama juu, akijizuia kucheka, hadi daktari aliposema ameshindwa.

"Nilimrudishia mara mbili," akasema kwa furaha. "Mara ya tatu, akapata."

Mwanawe alikuwa naye tena, amesimama mlangoni na mkufu wake wa chuma. Mzee alimwonyesha kwa kidevu. "Huyu naye anafaa mnyororo ya mbwa shingoni," akaniambia, kwa sauti ya kutosha ili kijana asikie.

"Aabo, ni stailo," kijana akamwambia baba yake.

"Ndiyo, ni stailo. Lakini chagua iliyo na uzito kidogo, na isibige kelele ukitembea." Akamwendea, akauingiza mkufu ndani ya kola ya shati, akaunyoosha ulale vizuri, akarudi nyuma hatua moja kumtazama, kichwa ameinamisha upande. Kisha akatoa sehemu yake kidogo tu nje, kiasi cha upana wa kidole.

"Habo," akasema. "Sasa ni zuri."

Kijana alijitazama kwenye kioo cha dirisha. Hakuugusa tena mkufu. Waliondoka pamoja kwenda kutafuta gari la Hulugho, baba mbele, mwana nyuma yake, na mimi nikamwita mgonjwa aliyefuata.