Kitambaa Chekundu cha Athmani

Juzi niliona shuka jekundu limeanikwa uani kwa jirani, na puani ikanijia harufu ya matope ya mto kwetu Ozi.

Athmani wa Kombo alikuwa mchuuzi. Kila mtumbwi wake ulipofika, alitundika kitambaa kwenye mti mrefu, wanawake waje na mpunga wabadilishe kwa nguo na chumvi.

Alasiri ile niliona kitambaa chekundu, kipya, kinapepea kwa upepo. Nikakimbia shambani.

"Mama, Athmani ana nguo nzuri leo!"

Mama alibakiwa na kikapu kimoja tu, cha mbegu. Akacheka. "Haya, tutoe kidogo, upate nguo ya Idi."

Tulimkuta Athmani kakaa kitini, askari wawili pembeni.

"Nguo gani, wewe mama? Hiyo bendera ya Sultani. Mimi ndiye liwali sasa. Tua kikapu, hiyo kodi."

"Athmani, hii mbegu!"

"Niite Bwana Liwali."

Mto ulipopungua, tope likabaki laini, nasi hatukuwa na punje ya kupanda. Njaa ikaingia, na mdogo wangu Abio hakuyaona mavuno yaliyofuata.

Leo wanamsifu Athmani eti aliujenga mji. Mwizi yule! Na mimi ndiye niliyekwenda mbio kumwita mama.