Mke wa Mvuke, Mume wa Tanuri

Mtambo wa umeme aliouendesha mke haukuwa na moto wake wenyewe. Ulikula makombo. Kiwanda kilikuwa cha saruji, na tanuri lake la kuchomea mawe lilikuwa limetoa moshi wa moto miaka nenda miaka rudi, ukipaa angani bila faida kwa mtu yeyote. Sasa moshi ule ulipitishwa kwanza kwenye boila, ukachemsha maji, mvuke ukazungusha turbini, na robo ya mashine za kiwanda zikapata umeme bila kuongezwa hata kipande kimoja cha makaa. Jambo zuri, nani atabisha? Lakini mla makombo hana sauti mezani. Anakula pale mwenye sahani anapoamua kubakiza, na mwenye sahani mwenyewe alikuwa mumewe.

Mume aliendesha tanuri kutoka chumba cha ng'ambo ya uwanja. Mbele yake palikuwa na kitufe cha mlango wa bomba. Mlango ukifungwa, moshi unapita kwenye boila ya mke. Ukifunguliwa, moshi unakwenda zake moja kwa moja juu, mvuke unapungua ghafla, turbini inazima, na mke anaanza upya kazi ya kuiamsha, kazi ambayo inaweza kumla zamu nzima. Tanuri likisumbua, mume alifungua. Likikohoa kidogo tu, alifungua. Siku nyingine, mke aliamini kabisa, alifungua kwa sababu kidole kilimwasha.

Kazini hawakuitana mume na mke. Wakati fulani wenzao walisikia neno "mpenzi" kwenye simu ya ndani, wakaliimba korido nzima hadi wawili hao wakakoma kulitumia. Tangu hapo mke alikuwa Mvuke, na mumewe Tanuri.

"Tanuri, umefungua tena!"

"Mvuke, nilikuwa na dharura."

"Dharura gani?"

"Imeshapita."

"Na turbini yangu nayo imeshapita! Kupiga simu kunakutoa jasho?"

"Mvuke, punguza presha."

Mtu wa kawaida angerusha simu ukutani. Yeye aliirudisha taratibu mahali pake, akauma meno, akashika tochi kwenda kukagua mabomba.

Haikuwa kiburi cha cheo. Kabla ya mtambo huu alikuwa idara ya upakiaji, akishona midomo ya mifuko ya saruji. Vumbi lile lilimkaa kifuani. Alikohoa akipika, alikohoa akisali, mpaka mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, akawa anamchemshia maji ya tangawizi bila kuombwa. Kiwanda kilipotafuta watu wa kufundishwa mtambo mpya, alisoma huku ananyonyesha, akafanya mtihani na homa, akapita. Chumba cha turbini kilikuwa na kiti chenye mto na hewa isiyowasha koo. Kile kiti alikipata kwa jasho lake, na hakuwa tayari kukiachia kwa ajili ya kidole cha mtu.

Na kiti kilikuwa kinateleza. Wageni waliojenga mtambo walikuwa hawajaukabidhi, kwa sababu makubaliano yalitaka uzunguke wiki nzima bila kuzima. Jaribio la kwanza lilivunjwa na mlango. La pili, mlango. Meneja akawaita waendeshaji wa turbini akawaambia bila kuzunguka: la tatu likivunjika, wageni wataleta watu wao, na ninyi kila mmoja atarudi alikotoka.

Jioni ile, kabla sahani hazijaondolewa mezani, alimgeukia mumewe.

"Baba watoto, nakuomba mbele ya mama yako."

"Naona leo nimeletwa mahakamani."

"Sikwambii usifungue. Nasema nipigie kwanza. Ukiniambia mapema napunguza mzigo, turbini inaendelea kuzunguka polepole mpaka utulie. Ukinishtukiza inazima, na mimi narudi kwenye mifuko."

"Mke wangu, mimi nalinda tanuri. Likifa lile, hata hayo makombo huyapati."

"Kupiga simu kunaliua?"

Mume akatafuta msaada kwa mama yake. Akakosea mlango.

"Hata jikoni kwangu unapiga hodi kwanza," mama mkwe alisema. "Mpigie mkeo simu. Na uape, maana nakujua."

Akaapa, uso umemkunjamana kama aliyelazimishwa dawa: hatafungua mpaka apige simu na ajibiwe. Hilo la "na ajibiwe" aliliongeza mke. Alitaka mambo yawe wazi.

Wiki ya jaribio ikaanza, na mwanamume akageuza kiapo kuwa mchezo. Simu haikupumzika. "Mvuke, naomba ruhusa kupunguza mawe." "Mvuke, tanuri limepiga chafya, nimeona nikuarifu." "Mvuke, nakwenda chooni, sina dharura." Wenzake walisikika nyuma wakivunjika mbavu. Lakini kila mlango ulipohitaji kufunguliwa alipiga kwanza, mke akapunguza mzigo, turbini ikapita salama. Alitamani kuendelea kumkasirikia, akashindwa. Alijikuta akitabasamu peke yake mbele ya mita, akakasirika tena kwa sababu ya tabasamu lenyewe. Kumbe ilikuwa rahisi namna hii! Miezi yote ile ya kuchoshana roho, na dawa ilikuwa simu.

Asubuhi ya siku ya mwisho, wageni wakiwa wameanza kuvaa mashati mazuri kwa ajili ya makabidhiano, simu ililia. Alikuwa meneja.

"Hongera, mama. Naona mtambo haujatikisika. Hebu niambie, mwanzoni tatizo lilikuwa nini hasa?"

Angejibu kwa kifupi, akashukuru, akakata. Lakini mtu aliyejaa hujui atamwagikia wapi. Alianza na "Tatizo, bosi, ni adabu," na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumshika. Alieleza watu wa tanuri wanavyojiona wafalme wa moto. Alieleza kudharauliwa, kushtukizwa, kuambiwa apunguze presha. Akamtaja mumewe kwa cheo, kisha bila cheo. Meneja aliguna tu, "Ehe... ehe," na yeye akaona guno lile kama idhini. Alimpa mumewe vidonge vyake vyote, naye hayupo kuvimeza.

Yaliyotokea ng'ambo ya uwanja aliyajua baadaye. Vumbi lilikuwa limeziba njia za moshi ndani ya boila, na feni kubwa inayovuta moshi huo ikawa inabeba mzigo isiouweza. Ikaanza kutetemeka. Dawa yake ilikuwa moja: fungua mlango, moshi upite njia nyepesi, feni ipumue. Mume alipiga simu. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Msaidizi wake akapiga kelele, "Fungua, kaka!" naye akasema, "Hajajibu, ngoja kidogo." Akapiga tena.

Mke alisikia kishindo akiwa katikati ya sentensi. Kioo cha dirisha kikalia. Mhimili wa feni ulikuwa umekatika, tanuri likazimwa, na mbele ya macho yake sindano ya mvuke ikashuka, ikashuka, mpaka turbini ikanyamaza yenyewe. Meneja bado alikuwa akiita kwenye simu, "Mama? Mama, upo?"

Feni nyingine ingechukua miezi kufika. Kabla ya jua kuzama, wageni walikuwa wameshavua mashati yao, waendeshaji wa turbini wametajiwa idara zao za zamani, na mume amesimamishwa kazi. Alipoulizwa kwa nini alichelewa, alijibu kwamba alizubaa. Hakusema neno juu ya simu.

Nyumbani mke alimvamia kabla hajakaa.

"Kwa nini hukufungua? Mtu mzima, miaka yote hiyo kwenye moto, unaona feni inakufa unakaa?"

"Niliapa."

"Kiapo cha mezani! Nani alikwambia ukipeleke mpaka huko?"

"Wewe." Hakupandisha sauti. "Nilidhani unazungumza jambo kubwa, ndiyo maana hukati. Ulikuwa na nani?"

Mama mkwe akaacha alichokuwa akifanya.

"Na meneja."

"Alikuwa anasemaje?"

Angeweza kusema alikuwa akipongezwa, na isingekuwa uongo. Koo lilimwasha kana kwamba tayari yuko kwenye mifuko.

"Mimi ndiye niliyekuwa nasema," alijibu. "Nilikuwa nakusema wewe. Kwamba huna adabu ya kupiga simu."

 Mume akainama, akafungua kamba za viatu vya kazi, akavipanga vizuri kando ya mlango, akaenda kulala bila kula.