Picha ya Shingo ya Mama

Miaka ile ya soko huria, kila mwenye chumba cha mbele mjini Sumbawanga alifungua duka. Mimi nilifungua la dawa baridi pale Milanzi, nikajishonea koti jeupe, na haikupita miezi mingi nikawa najiona daktari kamili. Nalisema hili mapema ili msinishangae huko mbele.

Mama alikuwa kijijini kwetu Msanzi, mjane, akilima maharage kwenye ntumba, yale matuta yetu ya mviringo ambayo majani hufukiwa ndani yaoze. Siku moja, akiwa ameinama kupindua udongo, dunia ikamzunguka akaanguka kifudifudi juu ya tuta. Kesho yake akatazama juu kutoa mahindi darini, ikazunguka tena. Habari zikaenea kijiji kizima kwamba shingo yake imeachia. Kwetu mwanamke akishikwa na kizunguzungu, wa kwanza kulaumiwa ni debe alilobeba kichwani ujana wake wote.

Shangazi, dada yake marehemu baba, hakuchelewa. Aliitisha kikao cha ukoo, akasema mtu wa shingo mbovu halimi, shamba wapewe wengine na mama ahamie mjini kwangu. Wazee wakampa mama nafasi ya kwenda hospitali kwanza. Akaja kwangu na furushi lake, uso umemshuka. Lile shamba ndilo lililomfanya awe mtu pale kijijini. Kwangu angekuwa mgeni wa kudumu kwenye chumba cha nyuma. Nami, Mungu anisamehe, sikuhuzunika sana, maana nilikuwa nimechoka kujipikia.

"Tutapiga picha," nilimwambia. "Picha haidanganyi."

Hospitali moja binafsi ilikuwa imeleta mashine ya eksirei, na watu walikuwa wakiipangia foleni hata kwa mafua. Aliyetoka na ile bahasha kubwa ya kaki alipita nayo njia ndefu ili aonekane.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwamkia mama, akamuuliza kizunguzungu kinamjia wakati gani na kinakaa muda gani. Mama akaeleza: akijigeuza kitandani, akiinama, akitazama juu, kinadumu kitambo kidogo tu, kisha kinapotea. Daktari akampima nguvu za mikono na miguu, akamtembeza chumbani.

"Shingo haina neno," akasema. "Picha haihitajiki. Shida iko ndani ya sikio."

Nilipandwa na hasira. Sikio! Nikamweleza kwamba mimi ni mtu wa dawa na hatutoki pale bila picha. Akalitazama koti langu, kwa sababu nilikuwa nimelivaa, akaguna, akaandika karatasi ya kwenda kwenye mashine.

Picha ikaonyesha mifupa iliyolika kidogo pembeni. "Kama ya kila mama wa umri huu," daktari alisema, "aliyebeba ndoo na asiyebeba." Kisha akamlaza mama chali, kichwa kikaning'inia ukingoni mwa kitanda, akakigeuza upande mmoja akangoja, akakigeuza upande wa pili akangoja. Macho ya mama yalichezacheza, akanibana mkono huku akimwita mama yake aliyekufa zamani. Halafu akainuliwa akaketi. Baada ya muda akainama. Akatazama dari. Dunia imetulia.

"Na dawa?" niliuliza.

"Ndiyo hiyo."

Nilifurahi sana, na niliona aibu zaidi ya furaha. Ili nisitoke mikono mitupu, nikataka picha ile niibandike dukani wateja waione. Mama alikataa katakata. Safari nzima ya kurudi Msanzi aliipakata mwenyewe.

Kikaoni hakusema habari za sikio hata kidogo. Aliitoa picha kwenye bahasha, akaisimamisha mlangoni kwenye mwanga. "Wifi, njoo uhesabu."

Shangazi akasogea, akazihesabu pingili moja moja kwa kidole, kutoka chini hadi kwenye fuvu, akarudia tena. "Zipo zote," akasema kwa sauti ndogo. Hakuna aliyelizungumzia shamba tena.

Wakati wa mavuno nilikwenda kumsaidia. Nilimkuta anateremka kutoka shambani, ngata kichwani na debe la maharage juu yake, shingo imenyooka. Roho yangu ilinituma nimwambie ukweli. "Mama, ile picha haikuwa na kazi yoyote. Nililazimisha bure. Kilichokuponya ni kule kugeuzwa kichwa."

Akatua debe, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu, si kichwa ni changu? Nilijua tangu pale kitandani. Ile picha ilikuwa ya shangazi yako."