Msumari Ndani ya Boksi la Fyuzi

Juzi, hapa nyumbani Kinondoni, umeme ulikatika upande wa jikoni. Mjukuu wangu akaikimbilia breka, akaipandisha. Ikaanguka. Akaipandisha tena kwa nguvu, mpaka nikasikia harufu ya plastiki iliyopata moto. Nikamfukuza pale. "Chomoa kwanza birika na pasi! Kausha mikono, vaa ndala. Ipandishe mara moja tu. Ikigoma, tunamwita fundi." Kisha nikatoka uani kutema mate. Harufu ile hunichefua tangu utotoni.

Enzi za Mwingereza, mie na bibi tulipanga chumba Temeke. Umeme ulikuwa adimu mitaa ile, na baba mwenye nyumba alivimba kichwa kwa kuwa nao. Chumba cha mbele alikifanya mahali pa kupiga pasi mashati ya makarani. Aliyepiga pasi ni mkewe, mwanamke mpole aliyezoea kunisuka nywele. Ukutani, ukumbini, palikuwa na boksi la fyuzi, na ndani yake kiwaya chembamba. Pasi mbili zikiwashwa pamoja, kiwaya kinaungua.

Fundi alimwambia mbele yetu, "Mzee, huyu ni mlinzi wako. Akianguka, zima swichi kubwa, tafuta kilichomwangusha, ndipo uweke waya mwingine wa unene huuhuu."

Mzee akacheka, akatema tambuu ukutani, chini ya boksi. Fundi alipoondoka tu, akakitoa kiwaya, akapachika msumari mahali pake. "Huyu haanguki!" akajisifu.

Kweli haukuanguka, ila nyumba ilinuka. Mpira unaoungua, mende waliobanikwa ndani ya boksi, siku moja mjusi mzima, amekauka na mkia umejikunja. Bibi akipika wali wa nazi, uvundo ule unauwahi mdomoni. Nilikula nimeziba pua, huku tambuu ikichuruzika ukutani kama kamasi la damu. Wapangaji wakilalamika, jibu lake lilikuwa moja: "Mwenye kinyaa ahame."

Asubuhi moja mkewe akapiga yowe. Waya wa ukutani ulikuwa unawaka, na ule wa pasi umeshika moto mkononi mwake. Jirani yetu muuza samaki akaja mbio na ndoo ya maji. Bibi akamdaka mkono. "Maji hapana! Utatuua!" Akapanda juu ya kibao kikavu cha mbuzi ya kukunia nazi, akaishusha swichi kubwa kwa mwiko mkavu. Wanawake wa jirani wakamiminika na mchanga ndani ya kanga, wakauzima moto.

Yule mama aliketi sakafuni, ngozi ya kiganja imening'inia kama ganda la kitunguu. Mumewe akaingia, akamruka, akaokota shati lenye tundu jeusi.

"Umeniaibisha! La karani mkubwa hili!"

Nilitapika palepale. Hata yule mjusi alikuwa nafuu.

Bibi akamfunga yule mama mkono, akampeleka hospitali, nasi tukahama naye. Mume alitufuata. "Shikamoo mama," akamwamkia bibi kwa sauti ya asali, "nimemfuata mke wangu."

Mke akajibu mwenyewe, amesimama mlangoni. "Pasi unazo, mikono unayo. Kapige."

Hakurudi kwake tena.

Nyumba ile ilibomolewa zamani, na wala siililii. Ninaowalilia ni wanawake wale, waliokuja bila kuitwa, kanga zimejaa mchanga. Sie wa leo, moshi ukifuka kwa jirani, tunafunga madirisha harufu isituingilie ndani.